Bakteria 25 wa Mtoto wa Malawi

Maziwa ya mama yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Kwa wingi zinashika nafasi ya tatu, baada ya laktosi na mafuta, lakini hupita tumboni zikiwa nzima hadi kwenye utumbo mpana. Walaji wake wako huko: bakteria.

Je, sukari hizo zina mchango gani katika ukuaji wa mtoto? Watafiti wakiongozwa na Jeffrey Gordon wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, walianza kulitafuta jibu Malawi. Walipopima maziwa ya akina mama wa huko, walikuta kwamba wale wenye watoto waliodumaa sana walikuwa na kiasi kidogo zaidi cha sukari zenye asidi ya sialiki. Hata hivyo, mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kwamba moja limelizaa jingine. Na hakuna mwenye utu atakayemnyima mtoto lishe ili aone kama atadumaa.

Ndipo wakaunda jamii ya bakteria maabarani. Kutoka kwenye kinyesi cha mtoto wa miezi sita aliyedumaa walikuza aina 25 za bakteria, wakazipandikiza kwa panya waliolelewa bila kijidudu chochote mwilini. Panya hao walilishwa vyakula vya Malawi: unga wa mahindi, maharage, karanga na mboga. Baadhi yao waliongezewa sukari zenye asidi ya sialiki, zilizochujwa kutoka maziwa ya ng'ombe.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Panya walioongezewa sukari walijenga misuli zaidi, na mifupa yao ikabadilika. Wenzao wasio na bakteria walipewa sukari hizohizo, wasipate faida hiyo. Kumbe sukari peke yake haikufua dafu, na bakteria bila sukari nao hawakuweza.

Faida ya jamii ya kutengenezwa ni kwamba kila aliyemo anajulikana. Katika kinyesi cha kawaida, chenye mamia ya aina, ni vigumu kujua nani kafanya nini. Hapa ilionekana kwamba Bacteroides fragilis huzivunja sukari, kisha Escherichia coli hujilisha kwa asidi ya sialiki inayobaki.

Panya si mtoto, na aina 25 si utumbo mzima. Jaribio kwa watoto wa nguruwe lilitoa picha inayofanana, lakini hilo nalo halitoshi kuandika dawa. Wala mama asiyatilie shaka maziwa yake: Shirika la Afya Duniani bado linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo.

Somo ni kwa wanaopanga lishe. Tumezoea kuuliza mtoto amekula nini na kiasi gani. Sasa inabidi tuulize pia utumboni mwake kuna bakteria gani wa kukipokea chakula hicho.