Mchanganyiko hafifu (injini)

Mchanganyiko hafifu ni hali ya injini ya petroli kupata hewa nyingi mno ikilinganishwa na petroli inayoingia kwenye silinda. Ni mojawapo ya sababu za kuwaka kwa taa ya injini, yaani taa ya manjano yenye umbo la injini iliyopo kwenye dashibodi ya gari.

Uwiano wa hewa na petroli

Ili gramu 1 ya petroli iungue yote, zinahitajika takriban gramu 14.7 za hewa. Injini za kisasa hulinda uwiano huo kwa msaada wa sensa ya oksijeni iliyofungwa kwenye bomba la moshi. Sensa hiyo, iliyotengenezwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani, ilianza kutumika katika magari ya Volvo mwaka 1976.

Sensa ikikuta oksijeni nyingi kwenye moshi, kompyuta ya gari huongeza petroli. Ongezeko likifikia kikomo, kompyuta huhifadhi msimbo na kuwasha taa. Katika mfumo wa OBD-II, uliokuwa wa lazima nchini Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, msimbo huo ni P0171. Injini yenye safu mbili za silinda, kama V6, hutumia pia P0174 kwa safu ya pili.

Dalili na madhara

Gari huweza kukosa nguvu, kutetemeka likiwa limesimama, au kumisi. Taa ikiwaka na kuzima mfululizo, kwa kawaida injini inamisi vibaya. Petroli isiyoungua huingia kwenye kisafisha moshi, ambacho mafundi wa Tanzania hukiita masega, na kukiunguza. Kifaa hicho ni cha bei kubwa.

Vyanzo

Msimbo hutaja hali ya injini, hautaji kifaa kilichoharibika. Kosa la kawaida ni kubadilisha sensa ya oksijeni, ilhali mara nyingi sensa hiyo inatoa taarifa sahihi. Vyanzo vya kawaida ni:

* mpira au gasketi iliyopasuka na kuingiza hewa isiyopimwa;
* sensa ya kupima hewa iliyochafuka;
* pampu ya petroli iliyochoka, au filta au nozeli zilizoziba;
* tundu kwenye bomba la moshi kabla ya sensa ya oksijeni, ambalo huidanganya sensa.

Uchunguzi

Fundi husoma kwa mashine asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza, kwanza injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, kisha ikizunguka takriban mara 2,500 kwa dakika. Ongezeko likiwa kubwa mwanzoni na kupungua mzunguko unapopanda, kuna uwezekano hewa inavuja kuingia, kwa sababu hewa hiyo ya ziada ni sehemu ndogo tu ya hewa nyingi inayovutwa sasa. Ongezeko likizidi kadiri mzunguko au mzigo unavyopanda, hushukiwa pampu, filta au sensa ya kupima hewa. Kisha shinikizo la petroli hupimwa kwa geji, na uvujaji hutafutwa kwa mashine ya moshi.

Kufuta msimbo bila kuondoa chanzo huzima taa kwa muda tu.