Kubadilisha chipu ya simu nyumbani: joto, risasi na namba tambulishi

MULEBA. Simu iliyoingia maji ya Ziwa Victoria huko Goziba au Ikuza si lazima iwe imekufa. Huenda ni chipu moja tu, kama ile inayosimamia chaji, iliyoliwa na kutu. Ikibadilishwa, simu huwaka tena. Kwa mwananchi anayehitaji nauli ya boti kumfikia fundi, kishawishi cha kuifanya kazi hiyo mwenyewe kinaeleweka.

Chipu hushikizwa kwenye bodi kwa lehemu. Lehemu ya zamani, mchanganyiko wa bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, huyeyuka kwenye nyuzi joto 183 za Selsiasi. Isiyo na risasi, iliyomo katika simu nyingi za sasa, huhitaji takribani nyuzi 217. Tofauti hiyo huwaponza wengi: chipu huvutwa kabla lehemu haijayeyuka, na vijia vya shaba vilivyo chini yake hung'oka pamoja nayo. Bodi ikifika hapo, hata fundi hodari hana mengi ya kuokoa. Bisibisi iliyopashwa kwenye mkaa haina kipimo cha joto. Mashine ya hewa ya moto inacho. Betri iondolewe kwanza, kwani ya lithiamu ikipata joto hilo yaweza kulipuka.

Moshi unaoonekana wakati wa kulehemu hutokana na flaksi, nao huwasha mapafu. Risasi huingia mwilini zaidi kupitia vidole na vumbi, na hudhuru hasa ubongo wa mtoto. Meza ya chakula, basi, si mahali pa kazi hii.

Lipo pia suala la kisheria. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kubadilisha namba tambulishi ya simu, na mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu zenye namba bandia. Chipu ya chaji au ya sauti haihusiani na namba hiyo. Ya kumbukumbu yaweza kuhusiana. Kabla ya kumkabidhi fundi simu, mwenye simu abonyeze *#06#, aandike tarakimu 15 zitakazoonekana, kisha azilinganishe anaporudishiwa. Simu ya laini mbili ina namba mbili, na zote ziandikwe.