Ndizi haitaki ukapera!

Hivi mpenzi msomaji, umeshawahi kumwona mtu anakwenda kumtazama mgonjwa hospitalini na kichane cha ndizi mkononi? Wapo, lakini wachache. Wengi wetu hapa Dar tukitaka kuonekana watu tunanunua matufaa ya Afrika Kusini, yale tunayoyaita epo, tunayapanga juu kabisa ya kikapu ili wodi nzima iyaone. Ndizi tunaiona tunda la mpiga debe, la kula umesimama huku unasubiri daladala.

Basi kwa taarifa yako, epo moja la kawaida lina potasiamu isiyofika miligramu 200, wakati ndizi mbivu moja ya wastani ina zaidi ya 400. Potasiamu ndiyo madini yanayosaidia misuli kufanya kazi, moyo kupiga sawasawa na presha kutopanda ovyo kwa sababu ya chumvi tunayoimwaga kwenye chipsi. Ndizi hiyo hiyo inakupa kalori 105 hivi, nyuzinyuzi gramu 3 za kusaidia choo, vitamini B6 ya kutosha na vitamini C kidogo. Haihitaji kisu wala jokofu, na imekuja na karatasi yake. Ndiyo maana wacheza mpira wanaipenda: inaingia tumboni bila ugomvi na nguvu zinapatikana upesi.

Nenda Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, asubuhi magari yanaposhusha mikungu. Kuna ndizi za Moshi, za Tukuyu, za Bukoba, za Morogoro. Kuna mshale za kupika, mzuzu za kukaanga na kuchoma, mkono wa tembo ambayo moja tu inamshibisha mwanamume mzima, na kisukari, vidogo vitamu ambavyo ukianza kula huwezi kuacha. Ikiwa mbichi ndizi ni wanga mtupu, tena sehemu ya wanga huo haimeng'enywi upesi, kwa hiyo mtu anakaa na shibe. Ikiiva wanga unageuka sukari. Wazee walizivundika ndizi zao chini ya majani na kuzifunika vizuri bila kujua kwamba ndizi inatoa hewa yake yenyewe iitwayo ethilini, ambayo ndiyo inayoiivisha. Ukiwa na haraka ziweke kwenye mfuko wa karatasi pamoja na moja iliyokwisha iva, utaona mwenyewe. Zikizidi kuiva na kupata madoadoa meusi usitupe, ponda uchanganye na unga utengeneze maandazi. Waganda wanazichanganya na unga wa muhogo wakakaanga kabalagala, na we acha tu, kwa chai ya maziwa ni raha.

Sasa sifa zimetosha. Maana kuna watu wakisikia kitu kinasifiwa wanakigeuza dawa ya kila kitu, na hapo ndipo balaa linapoanzia.

Utasikia mama mjamzito anaambiwa eti ale ndizi nyingi zimwongezee damu. Ndizi moja ina madini ya chuma karibu miligramu 0.3 tu. Mama mjamzito anahitaji miligramu 27 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: angetakiwa ale ndizi zaidi ya 80 tangu asubuhi hadi usiku! Dada yangu, damu iko kwenye maini, nyama, dagaa, maharage, mboga za majani, na vile vidonge vya kliniki ambavyo wengine wanavificha chini ya godoro kwa sababu vinawatia kichefuchefu. Ndizi kula, lakini na vidonge umeze.

Lakini la mama mjamzito ni dogo kuliko la mtoto. Hapa naomba tukae kidogo.

Mtoto akitimiza miezi sita anaanzishwa chakula huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Ndizi inapendwa sana kwa kazi hii kwa sababu ni laini, haina mwiba, ni tamu na mtoto haitemi. Mama anachemsha mbichi anaponda, au anachukua mbivu anakwaruza kwa kijiko, mtoto anabugia, tumbo linajaa, analala. Mama anashukuru Mungu na kwenda kwenye genge lake. Kesho hivyo hivyo. Mwezi mzima hivyo hivyo. Majirani wanamsifu, "mwanao anakula huyo!"

Anakula kweli, lakini anakula nini? Ndizi moja ina protini gramu 1.3. Mtoto wa miaka miwili anahitaji gramu 13 hivi kwa siku, yaani ndizi kumi, na tumbo lenyewe ni la ukubwa wa ngumi. Mtoto anayeshiba wanga kila siku bila protini anaweza kupata unyafuzi: miguu na uso vinavimba, nywele zinanyonyoka na kuwa za kahawia, ngozi inabanduka, hataki kucheza. Tena ule uvimbe unawadanganya watu wakadhani amenenepa! Ukiona dalili hizo usiende kwa mtaalamu wa miti shamba, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo.

Na si lazima ifike huko. Wengi wanadumaa tu kimyakimya, wanakuwa wafupi kuliko umri wao. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa. Hiyo ni mikoa inayolima mpaka inalisha wengine! Huko mfalme ni mahindi, siyo ndizi, lakini ugonjwa ni ule ule: sahani imejaa, aina ni moja.

Kinachonishangaza ni kwamba wazee wetu hawakuwa na kosa hili. Tazama vyakula vyao. Mchaga anapika mtori kwa ndizi na nyama, tena na mifupa ichemke kwelikweli, na ndicho anachopewa mama aliyejifungua. Ana kiburu, ndizi na maharage. Mhaya naye ndizi zake zinaungwa na maharage. Mganda matoke yake yanakuja na mchuzi wa karanga. Hakuna aliyeiacha ndizi kapera! Kila mahali ilipoheshimiwa ilipewa mwenza. Sisi wa mjini ndio tulioipa talaka, nyama ikapanda bei, maharage tukasema yanamaliza gesi, tukabaki na ndizi na chumvi.

Rudisha ndoa basi, tena kwa bei nafuu. Chukua dagaa wakavu, toa vichwa, osha, kaanga bila mafuta wakauke, saga, chekecha. Unga huo kijiko kimoja kwenye ndizi ya mtoto iliyopondwa, na harufu wala haisikiki sana. Siku nyingine weka karanga zilizosagwa laini kabisa (punje nzima usimpe mtoto mdogo, zinapalia), au yai lililoiva vizuri, au maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda. Tone la mafuta ya kula, mchicha uliokatwa mdogo mdogo au karoti, umemaliza. Mboga hizo zina kazi yake, kwa sababu ndizi nyingi za kupika hazina vitamini A ya maana. Watafiti wa Uganda na wa chuo kikuu cha teknolojia cha Queensland, Australia, wamehangaika miaka mingi kuotesha ndizi yenye vitamini A zaidi. Wewe una karoti ya genge la jirani.

Wapo pia ambao ndizi waile kwa kuulizia. Mwenye figo zilizoshindwa kazi hawezi kuitoa potasiamu mwilini, ikijaa inaweza kuusimamisha moyo, kwa hiyo asile mpaka daktari wake aseme ngapi. Mwenye kisukari hakatazwi moja kwa moja, ila nusu au moja ndogo isiyoiva kupita kiasi, siyo kichane kizima mbele ya televisheni.

Na akina dada mnaopaka ndizi usoni: inalainisha ngozi kwa muda, haiondoi chunusi wala haifanyi mtu kuwa mweupe. Mkimenya mbichi pakeni mafuta mikononi kwanza, maana utomvu wake ukikauka ni kazi, na doa lake kwenye kitenge halitoki. Maganda msitupe kwenye mtaro. Kama mtaani kuna mwenye mbuzi, mpigieni hodi, atawapokea kwa mikono miwili.