MENO YA KWANZA YA MTOTO: NAMNA GANI YANAOZA?

Baba mtumikaji, mama wa nyumbani, jambo hili mnalijua. Usiku mtoto wa miaka 3 analia, anashika shavu. Mama anambeba, baba halali. Asubuhi baba anaingia kazini na macho mekundu, na mtu mwenye usingizi hafai kusimama karibu na mashine. Hivi jino dogo la mtoto linaweza kuleta hatari mpaka kazini.

Wazazi wengi wanasema: « Hayo ni meno ya utoto tu, yatang'oka. » Ndugu, tusidanganyane. Mtoto ana meno ya kwanza 20. Yale ya mbele yanaanza kung'oka kwa miaka 6 au 7, lakini magego yanakaa mpaka miaka 10, hata 12. Ndiyo yanayotafuna chakula, na ndiyo yanayolinda nafasi ya meno makubwa. Gego likitoka mbele ya wakati wake, majirani yake yanasogea, na jino kubwa linakosa njia, linaota upande.

UBOVU UNA NJIA YAKE

Meno hayaozi ovyo. Ubovu unafuata njia, na mzazi anayeijua njia hiyo ataukamata mapema.

Kwa mtoto mdogo unaanza kwa meno manne ya mbele ya juu. Inua mdomo wa juu wa mtoto, tazama karibu na ufizi. Ukiona mstari mweupe kama chaki, huo ndio mwanzo. Tundu halijatoboka bado, na ubovu unaweza kusimama hapo mkibadili desturi. Mkichelewa, mstari unageuka rangi ya kahawia, kisha jino linatoboka, mwisho linavunjika na kubaki kisiki. Baada ya meno ya mbele, magego ya kwanza yanafuata.

Sasa tazama meno ya mbele ya chini: mara nyingi ni mazima. Kwa nini? Ulimi unayafunika, na mate yanayotoka chini ya ulimi yanayaosha. Ya juu hayana ulinzi huo. Mtoto akilala na biberoni ya chai ya sukari mdomoni, sukari inazunguka meno usiku kucha, na wakati wa usingizi mate ni machache. Vijidudu vya kinywani vinakula sukari hiyo na kutengeneza asidi. Asidi inatafuna jino, na ganda la jino la mtoto ni jembamba.

Kwa mtoto wa miaka 4 au 5, anayekula bombo na biskuti kila mara, ubovu unashika zaidi magego: katika mifereji yake ya juu, na pale magego mawili yanapogusana. Hapo macho ya mzazi hayafiki vizuri. Kazi hiyo ni ya munganga wa meno.

MFANYE NINI?

1. Usiku, biberoni iwe na maji matupu. Usichovye chuchu katika sukari wala asali ili mtoto anyamaze.

2. Bombo na vinywaji vya sukari visitolewe kutwa nzima. Kama mtoto anapata, apate pamoja na chakula.

3. Anza kusugua tangu jino la kwanza, asubuhi na mbele ya kulala. Tumia dawa ya meno yenye fluori: kadiri ya punje ya mchele mbele ya miaka 3, kisha kadiri ya punje ya njegere. Mtoto ateme, asimeze.

4. Mkubwa ndiye asugue, au asimame karibu, mpaka mtoto afike miaka 7 hivi. Mkono wake bado haujui kazi hiyo.

5. Mara moja kwa mwezi, inua mdomo wake, tazama.

Angalisho! Karibu na miaka 6, gego kubwa linaota nyuma ya magego ya kwanza, pasipo jino lolote kung'oka. Wazazi wengi wanadhani ni la utoto. Hapana, hilo ni la maisha yote.

Na shavu la mtoto likivimba pamoja na homa, au uvimbe ukielekea jichoni au chini ya taya, msingoje kesho. Mpelekeni hospitali siku ile ile.

Baba, leo ukirudi kazini, nawa mikono, mwite mtoto wako, uinue mdomo wake. Ni kazi ya dakika moja.