Sheria za Ulaya kuhusu teknolojia na watu wenye ulemavu: zinasema nini, na zinakuhusu vipi?

Fikiria hali hii. Ujumbe umeingia kwenye simu yako: pesa za chakula za mwezi huu zimefika. Lakini huoni, au macho yako yamefifia sana. Unamwita kijana wa jirani akusomee. Anakusomea kiasi kilichoingia. Kisha simu inaomba namba ya siri. Skrini ni laini, hakuna kitufe cha kupapasa, kwa hiyo unamtajia namba aiandike yeye. Kuanzia hapo kuna mtu mwingine anayejua una shilingi ngapi na anajua namna ya kuzitoa. Huenda ni kijana mwema. Lakini usalama wa pesa zako sasa unategemea wema wake.

Watu wengi wenye ulemavu kambini na kwenye makazi wanaijua hali hii. Swali ni hili: tatizo ni macho yako, au ni simu na huduma zilizotengenezwa kana kwamba kila mtu anaona?

Nchi za Umoja wa Ulaya zimelijibu swali hilo kwa sheria. Makala hii inaeleza sheria hizo zinasema nini, na kwa nini wewe uliye Uganda, Kenya au Tanzania unafaa kuzijua.

Msingi wake ni nini?

Zamani, katika nchi nyingi, mtu mwenye ulemavu alihesabiwa kuwa mtu wa kuhurumiwa. Akipata msaada, ashukuru. Asipopata, avumilie.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, ulibadilisha mtazamo huo. Unasema kwamba ulemavu unatokana na mtu mwenye upungufu fulani wa mwili au akili kukutana na vikwazo vilivyowekwa na jamii. Ngazi bila njia ya kiti cha magurudumu ni kikwazo. Tangazo la maandishi tu ni kikwazo kwa asiyeona. Tangazo la spika tu ni kikwazo kwa kiziwi. Kikwazo kilichowekwa na watu kinaweza kuondolewa na watu.

Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinataja wazi habari, mawasiliano na teknolojia. Umoja wa Ulaya wenyewe, si nchi zake tu, ulijiunga na mkataba huo mwishoni mwa mwaka 2010. Ndiyo mara ya kwanza kwa umoja huo kujiunga na mkataba wa kimataifa wa haki za binadamu. Sheria zinazofuata hapa zimejengwa juu ya msingi huo.

Sheria zenyewe zinasema nini?

Kuna mbili kubwa kuhusu teknolojia.

Ya kwanza ni ya mwaka 2016, na inahusu tovuti na programu za simu za taasisi za umma: wizara, manispaa, idara za uhamiaji na nyinginezo. Tovuti mpya zilitakiwa kufuata sheria kuanzia Septemba 2019, za zamani kuanzia Septemba 2020, na programu za simu kuanzia Juni 2021. Kila taasisi lazima iweke kwenye tovuti yake maelezo ya sehemu zinazofikika na zisizofikika, pamoja na njia ya mtu kulalamika.

Ya pili ni ya mwaka 2019, na ilianza kutumika tarehe 28 Juni 2025. Hii inagusa hata kampuni binafsi. Inahusu kompyuta, simu janja, mashine za ATM, mashine za kukata tiketi, huduma za benki, huduma za simu, vitabu vya kielektroniki na maduka ya mtandaoni. Kampuni inayotaka kuuza vitu hivyo katika nchi za Umoja wa Ulaya lazima ivitengeneze viweze kutumiwa na watu wenye ulemavu, hata kama kampuni hiyo ni ya Marekani au China.

Kwa vitendo, maana yake ni mambo kama haya:

- Picha kwenye tovuti iwe na maelezo ya maandishi, ili simu iweze kumsomea asiyeona.
- Video iwe na maandishi chini, ili kiziwi afuatilie.
- Rangi ya maandishi itofautiane vya kutosha na rangi ya nyuma yake.
- Mtu asiyeweza kutumia kipanya cha kompyuta aweze kufanya kila kitu kwa kibodi.
- Maelezo yawe rahisi kueleweka, na mashine isimwekee mtu muda mfupi mno wa kujibu.

Sheria hizi si kamilifu. Biashara ndogo sana za huduma, zenye wafanyakazi chini ya 10 na mapato madogo, zimesamehewa. Mashine za zamani zilizokuwa zikitumika kabla ya sheria zinaweza kuachwa ziendelee kwa miaka mingi, hata 20 tangu zilipoanza kutumika. Kampuni pia inaweza kujitetea kwamba gharama ni kubwa kupita kiasi, ingawa inatakiwa kuthibitisha hivyo. Na majengo hayamo kwa lazima: kila nchi inaamua yenyewe kama sheria ya 2019 itagusa pia mlango na ngazi za mahali mashine ilipo.

Zilipatikanaje?

Sheria hizi hazikutoka kwa huruma ya wanasiasa. Mwaka 2007, vyama vya watu wenye ulemavu vya Ulaya vilikusanya saini zaidi ya milioni moja kudai sheria za kuwalinda. Tume ya Ulaya ilileta pendekezo la sheria hii ya pili Desemba 2015. Kulikuwa na miaka zaidi ya mitatu ya mabishano kabla ya kupitishwa, na kampuni nyingi zililalamikia gharama. Ndani ya Bunge la Ulaya kwenyewe walikuwamo wabunge viziwi wanaotumia lugha ya alama, kama Ádám Kósa wa Hungaria na Helga Stevens wa Ubelgiji.

Kauli ya vuguvugu la watu wenye ulemavu duniani kote ni moja: lisifanyike lolote kutuhusu bila sisi wenyewe kuwepo.

Mimi niko kambini. Zinanihusu vipi?

Sheria ya Ulaya haitumiki Uganda, Kenya wala Tanzania. Huwezi kuishitaki kampuni ya simu ya hapa kwa sheria ya Ulaya. Lakini kuna njia nne inazokugusa.

*Kwanza, simu yako.* Kampuni zinazouza simu janja Ulaya huuza pia hapa, na mfumo wa simu ni ule ule. Nyenzo za kusoma skrini kwa sauti, kukuza maandishi na kuandika maneno yanayosemwa tayari zimo ndani ya simu nyingi. Huhitaji kuzinunua. Wengi hawazijui tu.

*Pili, miradi kambini.* Miradi mingi ya msaada hulipiwa na Umoja wa Ulaya. Mwaka 2019, Tume ya Ulaya ilitoa mwongozo kwa mashirika yanayotumia fedha zake za misaada ya kibinadamu, ukieleza namna ya kuhakikisha watu wenye ulemavu hawaachwi nje. Kwa hiyo ukiona nembo yenye bendera ya bluu na nyota za njano kwenye bango la mradi, una haki ya kuuliza kwa adabu: "Taarifa za mradi huu zinamfikiaje kiziwi? Zinamfikiaje asiyeona?"

*Tatu, mkataba ni ule ule.* Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulio msingi wa sheria za Ulaya umeridhiwa pia na Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kifungu cha 11 kinazitaka nchi kuwalinda watu wenye ulemavu wakati wa vita na majanga. Kwa hiyo unapodai taarifa inayofikika, hudai kitu cha Wazungu. Unadai kile ambacho nchi iliyokupokea imekubali kwa saini yake. Jambo hili linawahusu pia wenyeji wenye ulemavu wanaoishi jirani nasi.

*Nne, mambo ya safari.* Kama wewe au ndugu yako mna maombi katika nchi ya Umoja wa Ulaya, kwa mfano ya kuunganisha familia, tovuti ya serikali ya nchi hiyo inatakiwa iweze kusomwa na simu yako kwa sauti. Isiposomeka, tafuta ukurasa wa maelezo ya ufikivu, mara nyingi chini kabisa ya tovuti, na uandike malalamiko. Kumbuka kwamba Uingereza, Norway na Uswisi hazimo katika Umoja wa Ulaya. Nazo zina sheria zake.

Fanya hivi leo kwenye simu yako

Kama una simu janja ya Android:

1. Fungua Mipangilio, kisha tafuta sehemu inayoitwa Ufikivu.
2. Kama huoni kabisa, washa TalkBack. Simu itasoma kila unachogusa. Kugusa mara moja kunasoma, kugusa mara mbili haraka kunafungua. Kusogeza ukurasa unatumia vidole viwili. Siku za kwanza inachanganya, kwa hiyo jifunze ukiwa na mtu unayemwamini, na mwambie akuonyeshe pia jinsi ya kuizima.
3. Tafuta mipangilio ya sauti ya kusoma maandishi na uchague Kiswahili kama kipo.
4. Kama unaona kidogo, ongeza ukubwa wa herufi au washa kikuzaji.
5. Kama husikii vizuri, jaribu programu ya Live Transcribe ya Google. Inaandika kwenye skrini maneno anayosema mtu aliye mbele yako. Ijaribu nyumbani kwanza kabla ya kuitegemea hospitalini au ofisini, kwa sababu hukosea.

Kwenye simu ya iPhone, msomaji wa skrini huitwa VoiceOver.

Unapotumia namba ya siri na simu inasoma kwa sauti, vaa spika za masikioni. Bila hivyo, siri yako inaweza kusikika na kila aliye karibu.

Simu ndogo za vitufe, ambazo wengi wetu tunazo, hazina nyenzo hizi kwa kawaida. Kama huwezi kutumia simu yako bila kumtajia mtu namba ya siri, ripoti hali hiyo kwenye dawati la malalamiko la shirika linalotoa pesa. Waulize kuna njia gani nyingine ya kupokea msaada wako. Usikubali kuambiwa kwamba ni jambo dogo.

Kama wewe ndiye unayetoa taarifa

Sehemu hii ni ya viongozi wa zoni, wanakamati, walimu, viongozi wa dini na hata sisi tunaofanya kazi katika mashirika. Tunazoea kupiga picha barua yenye muhuri na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Kwa mtu anayesomewa na simu, picha hiyo mara nyingi ni ukimya mtupu. Tangazo limefika kwa wote isipokuwa yeye.

Marekebisho yake hayahitaji bajeti:

- Ukituma picha ya tangazo, andika maneno yake chini ya picha.
- Ongeza ujumbe wa sauti, ambao utawasaidia pia wasiojua kusoma.
- Ukitangaza kwa spika, bandika na maandishi, kwa ajili ya wasiosikia.
- Kabla ya kuanza huduma mpya ya simu au kadi, mpe mtu mwenye ulemavu aijaribu kwanza. Atakuonyesha kasoro ambazo wewe huzioni.

Maswali mawili

*Nimesikia kuna kadi ya ulemavu ya Ulaya. Naweza kuipata hapa?*

Hapana. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kadi hiyo, na nchi zake zinatakiwa kuanza kuitumia Juni 2028. Ni ya watu ambao tayari wanaishi kihalali katika nchi za Umoja wa Ulaya na ulemavu wao umetambuliwa huko. Wasio raia wa nchi hizo, wakiwemo wakimbizi wanaoishi huko kihalali, wamejumuishwa. Kadi inawasaidia wanaposafiri kwa muda mfupi kwenda nchi nyingine ya umoja huo. Hakuna mtu anayesajili kadi hiyo kambini. Akija mtu kukuomba pesa ili akuandikishe, ni tapeli.

*Je, kuwa na ulemavu kunanihakikishia kuhamishiwa nchi ya tatu?*

Hapana. Mahitaji yanayotokana na ulemavu yanaweza kuzingatiwa, lakini hayatoi uhakika. Na kumbuka: huduma zote za UNHCR na washirika wake ni bure. Anayekuomba pesa, mripoti.

Kwa kumalizia

Rudi kwa mtu tuliyeanza naye, yule aliyemtajia jirani namba yake ya siri. Hakuhitaji jirani mwema zaidi. Alihitaji simu inayosema naye na shirika lililomfikiria kabla ya kupanga huduma. Watu wenye ulemavu wa Ulaya walipata sheria kwa kusema hivyo pamoja, tena na tena. Kama eneo lako lina kikundi cha watu wenye ulemavu, jiunge nacho. Kama hakipo, zungumza na kiongozi wa zoni yako jinsi ya kukianzisha. Na kama unamfahamu asiyeweza kusoma makala hii, msomee, au mwashie simu yake imsomee.