Bwawa la Mapumziko na Wanaolala Bondeni

Katika mabwawa yote ambayo mwanadamu ameyajenga kwa udongo, linalonitia hofu zaidi si lile kubwa lenye walinzi, taa na mafundi wa zamu usiku na mchana, bali ni lile dogo lililojificha nyuma ya kilima, lenye mashua mbili za kukodi, majani yaliyofyekwa vizuri na kibanda cha kukaangia samaki, ambalo watu huliendea siku ya mapumziko ili kuburudisha nyoyo zao, na ambalo kwa utulivu wa wajihi wake hakuna anayelidhania kuwa ni mtambo. Nalo ni mtambo hasa: ni ukuta wa udongo unaoshindana na maji kila saa, wala haujui Jumapili wala sikukuu.

Watu hudhani kwamba bwawa dogo lina nguvu ndogo, lakini hesabu haisemi hivyo. Tuta lililozuia maji ya kina cha mita 12 hubeba penye kina hicho mzigo wa tani 12 katika kila mita moja ya mraba, na mzigo huo ni ule ule ikiwa nyuma yake pana ziwa lisiloonekana ng'ambo au pana kidimbwi cha kuvulia samaki; kwani maji husukuma kwa kina chake, si kwa upana wake.

Mfano ulio dhahiri kuliko yote niijuayo ni wa Toccoa, katika jimbo la Georgia nchini Marekani. Juu ya maporomoko ya Toccoa, ambayo maji yake huanguka kiasi cha mita 57, palijengwa mwaka 1899 boma la magogo na mawe kwa ajili ya umeme. Kuanzia mwaka 1937 chuo cha Biblia kilichokuwa chini ya maporomoko hayo kikalifunika boma hilo kwa udongo na kuliongeza, hata baada ya Vita Kuu ya Pili tuta likafikia kimo cha mita 12 hivi na urefu wa mita 120, nalo likajulikana kwa jina la bwawa la Kelly Barnes. Mwaka 1957 mitambo ya umeme ilizimwa, na tangu siku hizo ziwa likabaki kuwa la mapumziko tu. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 6 Novemba 1977, baada ya mvua iliyonyesha kwa siku kadhaa, saa saba na nusu tuta lilikatika. Maji kiasi cha mita za ujazo 780,000, ambazo kwa mizani ni tani 780,000, yakaporomoka hadi kwenye makazi ya chuo, mlimokuwa na nyumba za magurudumu za wanafunzi wenye ndoa na watoto wao, na watu wamelala. Walikufa watu 39.

Wachunguzi waliotumwa na serikali walitafuta michoro ya ujenzi wa tuta lile wasiipate, na katika hukumu yao hawakuweza kutaja sababu moja peke yake, bali waliona mambo mengi yaliyoshikana: mteremko wa nyuma ulikuwa mkali mno, karibu digrii 45, miti ilikuwa imeota juu yake, bomba lililopita chini ya tuta huenda lilibomoka, na picha moja iliyopigwa mwaka 1973, miaka minne kabla ya msiba, ilionyesha kipande cha mteremko huo kilichokwisha kuporomoka, chenye kimo cha mita 3 na zaidi na upana wa mita 9 hivi. Picha hiyo hunirudia akilini kila ninapopanda juu ya tuta lolote. Udongo ulikuwa umetoa habari zake waziwazi, mtu akazipiga picha, na miaka minne ikapita. Kwa maoni yangu asili ya taksiri ile ni mwaka 1957, kwa sababu maadamu mitambo inazunguka, pana mtu aendaye kila asubuhi kwa ajili ya umeme wake, na katika kwenda huko hulitazama tuta atake asitake. Mitambo ikizimwa, jicho lile nalo huondoka, na maji yakabaki na wengi wa kuyafurahia bila hata mmoja wa kuyahudumia.

Basi huyo mtu wa kuyahudumia angetazama nini? Kwanza, angetazama maji yatokayo. Kila tuta la udongo huvuja kidogo, na hilo si aibu yake. Ajabu ni tuta lisilovuja kabisa. Fundi mzoefu akikuta kijichemchemi chini ya mteremko wa nyuma, mahali ambapo majani yamekuwa mabichi kuliko majirani zake, huyateka maji hayo kwa bilauri nyeupe, huielekeza kwenye jua, kisha huiweka juu ya jiwe na kungoja. Maji yakiwa safi, na baada ya robo saa yangali safi, huandika kiasi chake katika daftari na kurejea juma lijalo kuyapima tena, kwani kuongezeka nako ni habari. Lakini yakiwa na ukungu, na ukungu ule ukitua chini ya bilauri kama unga uliochekechwa, hapo tuta linaliwa kutoka ndani. Kila tone linachukua punje yake. Tundu huanza nyuma ya tuta na kurudi taratibu kuelekea ziwani, likipanuka njia nzima, na siku litakapokutana na ziwa, muda uliobaki huhesabiwa kwa saa, pengine kwa dakika.

Miti ni adui apendwaye. Watu wa mapumziko hutaka kivuli, na mwenye bwawa huona raha kuwapandia mwembe au mkaratusi juu ya tuta, asijue kwamba mizizi huingia ndani kutafuta unyevu, na mti ukifa mizizi ile huoza ikaacha mianzi mitupu ambamo maji hupita. Fuko na panya hufanya vivyo hivyo, na katika nchi zetu mchwa pia, ambaye kichuguu chake juu ya tuta si pambo.

Pili, angetazama utoro, yaani ile njia iliyoachwa kando ya tuta ili maji yanayozidi yatoke kwa adabu. Maana tuta la udongo, tofauti na la zege, haliwezi kuvumilia maji yakipita juu ya mgongo wake. Huko South Fork, Pennsylvania, matajiri wa Pittsburgh, Andrew Carnegie akiwa miongoni mwao, walikuwa na ziwa la kuvulia na kustarehe nyuma ya tuta la mita 22. Mabomba ya chini ya kupunguzia maji yalikuwa yameng'olewa zamani na kuuzwa kama chuma chakavu, wala hayakurudishwa; mgongo wa tuta ulishushwa ili njia ya magari ya farasi ipanuke; na kwenye utoro paliwekwa vyuma vya kuzuia samaki wasitoroke, ambavyo siku ya mvua kubwa vilinasa magogo na takataka. Tarehe 31 Mei 1889 maji yalipita juu ya tuta na kulikata. Katika mji wa Johnstown na vijiji vya bondeni walikufa watu 2,209. Kila badiliko kati ya hayo lilifanywa kwa nia ya raha au ya fedha, na kila moja, kwa pekee yake, lilionekana dogo.

Baada ya Toccoa, Rais Jimmy Carter, ambaye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Georgia na aliwahi kuwa gavana wake, aliamuru mabwawa yasiyo ya serikali kuu yenye watu chini yake yakaguliwe. Yalikaguliwa karibu 9,000, na yapata theluthi moja yakaonekana kuwa na kasoro za hatari. Jambo la kushikwa hapa ni namna yalivyochaguliwa. Daraja ya hatari ya bwawa haipimwi kwa nyufa zake, bali hupimwa kwa kuuliza ni nani aliye bondeni. Kwa hiyo bwawa lililojengwa juu ya mashamba matupu hupanda daraja siku ile watu wanapojenga nyumba chini yake, hata kama tuta halikubadilika kwa shubiri moja. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda Georgia kulijua hilo. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika Kaunti ya Nakuru, Kenya, bwawa la udongo lilipasuka wakati wa masika makubwa na kuua watu zaidi ya 40 waliokaa chini yake. Lile lilikuwa bwawa la shamba, si la starehe, walakini bonde halipambanui.

Kwa hiyo mwenye hoteli, shule au klabu aliye na bwawa la kupumzikia, namwomba afanye mambo yasiyomtoa fedha nyingi: amteue mtu mmoja kwa jina lake, si kamati, alitembelee tuta kila juma na baada ya kila mvua kubwa, akiwa na daftari na bilauri; vali ya bomba la chini izungushwe kila mwaka, kwa sababu vali iliyoganda kwa kutu hugunduliwa siku ile inapohitajiwa; na iandikwe karatasi yenye namba za simu za walio bondeni pamoja na jina la mtu atakayebisha hodi kwenye nyumba zisizo na simu, na karatasi hiyo ijaribiwe usiku, kwani Toccoa na Solai zote mbili zilifikwa na maafa usiku.

Na ikiwa mwenye bwawa hawezi hayo, kuna njia nyingine, nayo ni halali kabisa kwa mhandisi: kuyatoa maji polepole, kulikata tuta kwa mpango wakati wa kiangazi, na kukiachia kijito njia yake. Huko Toccoa ziwa lile halikujengwa tena. Maporomoko yangalipo ndani ya uwanja wa chuo, na watu huenda kuyatazama. Maji yanayoanguka leo ni yale tu ambayo kijito kimeyaleta.