Mdudu au Kisumbufu? Istilahi ya Viumbe Walao Matumbawe

Mkulima wa wilaya ya Tarime asemapo kuwa mahindi yake ghalani yameingiwa na wadudu, pengine akikusudia dumuzi, neno lake ni sahihi. Lakini jirani yake wa Serengeti, ambaye shamba lake limevamiwa na tembo, au mtama wake umeliwa na kweleakwelea, hasemi kuwa ameingiwa na wadudu. Hasara ni moja, waharibifu ni mbalimbali. Ndiyo maana wataalamu wa kilimo hutumia neno kisumbufu, lenye kuwakusanya wote.

Tofauti hiyo yafaa izingatiwe katika istilahi za bahari, ambazo mwanafunzi wa wilaya hizo mbili hukutana nazo vitabuni tu. Tumbawe si jiwe wala si mmea, bali ni jamii ya wanyama wadogo wajijengeao nyumba ya chokaa. Miongoni mwa walao matumbawe, baharini au katika tangi la kufugia nyumbani, ni hawa watatu, na hakuna aliye mdudu:

(a) Kiti cha pweza chenye miiba (Acanthaster). Miiba yake ina sumu, basi asishikwe kwa mkono mtupu. Wala asikatwekatwe, kwani mikono yake huota upya. Katika hifadhi ya Chumbe, Unguja, iliyotangazwa mwaka 1994, walinzi huwaondoa majini mmoja mmoja.

(b) Konokono wa jamii ya Drupella. Huyu huokotwa, hasa usiku atokapo mafichoni.

(c) Mnyoo bapa. Huyu ni mgeni mbaya wa matangi. Tumbawe jipya huchovywa katika maji ya dawa na kutengwa kwanza. Kwa kuwa mayai yake hayafi kwa dawa hiyo, uchovyaji hurudiwa yanapoanguliwa.

Atakayewaita wote wadudu atamfanya msomaji afikirie dawa ya wadudu. Dawa hiyo huua upesi kamba na kaa, na wako kaa wadogo waishio ndani ya matumbawe ambao humfukuza kiti cha pweza kwa kumbana miguu. Hivyo dawa ingemwua mlinzi na kumwacha mwizi.

Kwa hiyo twapendekeza kisumbufu liwe jina la jumla, kila aina iitwe kwa jina lake, na mdudu abaki yule mwenye miguu sita.